PICHA ILE SIKUIPIGA MIMI

Mpenzi msomaji, hata kama wewe si mwanachama wa Chama cha Kiswahili, lakini umewahi kupita mbele ya ubao wetu wa matangazo pale karibu na maktaba, basi bila shaka umeiona picha ya samaki. Si samaki wa kukaangwa, la hasha! Ni jisamaki lenye mdomo mpana kama mlango wa pipa na madoadoa ubavuni, linachungulia kutoka gizani kama mwanafunzi aliyeulizwa swali la hisabati naye alikuwa anasinzia. Chini ya picha hiyo, muhula wote wa kwanza wa mwaka 2025, liliandikwa jina langu kwa wino mweusi.

Nilipongezwa hadi nikachoka kupongezwa. Mwalimu mlezi wa chama alinishika mkono mbele ya shule nzima. Vijana wa kidato cha pili walianza kunipisha kwenye foleni ya chakula, jambo ambalo hata viranja hawalipati kwa urahisi. Kisha mhariri wa jarida hili akanijia, kalamu sikioni, akaniambia, "Ndugu, hebu tuandikie ulivyoipiga ile picha. Tutakupa kurasa tatu."

Nilimwahidi wiki moja. Wiki ikawa mwezi. Nikasingizia mitihani, nikasingizia malaria, nikaishiwa na visingizio. Leo nimekaa kitako, na jambo la kwanza ninalotaka kulisema ni lile lililoandikwa juu kabisa ya ukurasa huu. Picha ile sikuipiga mimi. Niliyoipiga mimi ni nyingine kabisa, na nitafika kwake.

Tulikuwa marafiki watatu, tulioshibana kama chanda na pete, ingawa hesabu ya chanda na pete ni wawili na sisi tulikuwa na ziada. Majina ya vitabuni nitayaacha kwani wenzangu hawakupenda yaandikwe. Nitatumia yale ya bwenini. Wa kwanza tulimwita Mwenyeji, kwa kuwa kila ukitaja bahari husema "kwetu". Kwao ni Watamu, kaunti ya Kilifi. Wa pili tulimwita Daktari. Huyu ni mtu wa milimani, mpole, hana haraka, na sandukuni mwake hapakosi bandeji, dawa ya kichwa na chupa ya spiriti. Daktari hajui kuogelea. Hata kwenye beseni nadhani angezama. Wa tatu ni mimi, na mimi niliitwa Mamba. Jina hilo nilijipa mwenyewe, kwa sababu nilijifunza kuogelea katika bwawa la ng'ombe huko kwetu Ukambani na sijapata kushindwa na mtu yeyote katika bwawa lile. Kumbuka, msomaji, bwawa lile maji yake hunifika kifuani.

Shule zilipofungwa mwaka 2024, Mwenyeji alitualika kwao kwa juma moja. Safari yenyewe sitaieleza sana, maana insha za safari zenye basi, makanga na pancha tumezisoma za kutosha. Tulifika Mombasa alfajiri, tukapanda matatu ya Malindi, tukavuka daraja la Kilifi tukiwa tumebanana kama dagaa, tukashuka Gede na kuchukua tuktuk mpaka Watamu. Mama yake Mwenyeji alitupokea kwa mahamri na mbaazi. Daktari alikula saba. Nilihesabu.

Mwenyeji ana dada yake mkubwa, na huyu ndiye kiini cha habari hii. Dada amesomea upigaji mbizi, ana cheti chake, ana mtungi wake wa hewa, na kazi yake ni kuwapiga picha wageni wakiwa chini ya maji. Siku ya kwanza nilipomwona akiingia nyumbani, begani amebeba mapezi ya mpira kama mtu aliyebeba bata wawili, nilimwamkia kwa heshima zote na hapo hapo nikamwuliza, "Dada, hata mimi naweza kupiga picha huko chini?"

Akanitazama. "Waogelea?"

"Mimi ni Mamba," nikasema. Mwenyeji akakohoa.

Basi jioni ile tuliketi barazani, na Dada akatupa somo ambalo laiti lingefundishwa darasani hakuna ambaye angesinzia. Alituambia kwamba upigaji picha majini si jambo la juzi. Mfaransa mmoja, Louis Boutan, alipiga picha chini ya bahari mnamo mwaka 1893, huko Banyuls-sur-Mer kusini mwa Ufaransa, kwa kamera iliyofungiwa ndani ya sanduku lisilopenyeza maji. Wapiga mbizi wa wakati ule walivaa mavazi mazito na kofia za chuma, wakapelekewa hewa kwa mpira kutoka juu. Ilibidi kungoja hadi 1943, wakati Wafaransa wengine wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, walipotengeneza kifaa kinachompa mtu hewa ya mtungi kila anapoivuta, ndipo binadamu akaweza kuzunguka huko chini apendavyo.

Akatueleza pia maajabu ya macho. Maji hula rangi, alisema, na rangi ya kwanza kuliwa ni nyekundu. Ukishuka mita chache tu, shati jekundu huanza kuonekana la hudhurungi iliyofifia, ndiyo maana picha nyingi za majini hutoka za buluu tupu mpaka uwashe taa ya kamera. Halafu ukivaa miwani ya mbizi kila kitu huonekana kikubwa kuliko kilivyo kwa karibu thuluthi moja, na karibu zaidi kuliko kilipo. "Ukiona samaki wa mita mbili," alisema, "sema moja na nusu. Wavuvi wote wangevaa miwani hii, uongo ungekwisha mjini." Tukacheka.

Kisha akaacha kucheka. "Kesho Ami atatupeleka kwenye mapango ya tewa. Mtavaa miwani na bomba la kupumulia, mtaelea juu, mtatazama. Mamba, wewe nitakupa kamera yangu ndogo ya zamani, unaweza kushuka kidogo ukapiga. Masikio yakianza kubana, ziba pua upulize polepole. Yakikataa kufunguka, rudi juu, usibishane nayo. Usishuke bila mtu kukuona. La tatu, sikiliza vizuri. Ukiinua uso ukaona mbingu, una mlango. Ukiinua uso ukaona jiwe, huna. Mara hiyo hiyo urudi."

"Nimesikia, Dada," nikajibu. Kweli nilisikia. Kusikia sikukosa.

Hapa niruhusu nichepuke kidogo, kwa kuwa jarida hili ni la Kiswahili. Tewa ni yule samaki ambaye vitabu vyetu vya sarufi vingemwita chewa. Katika Kimvita na Kiamu, mahali pengi ambapo Kiunguja kina "ch" wao wana "t": macho huwa mato, kucheka huwa kuteka, mchele huwa mtele. Daktari alipoyasikia haya usiku ule alifurahi kama aliyeokota pesa, akakaa mpaka saa tano akimwuliza mama mwenye nyumba maneno. Mimi nilikuwa nimelala, nikiota picha yangu.

Tulitoka siku ya Jumanne, tarehe 10 Desemba. Ami, ndugu wa baba yake Mwenyeji, ana mashua yenye kioo sakafuni ambayo huwatembezea watalii.

"Shikamoo, Ami!"

"Marahaba, wanangu. Mumeamkaje? Haya, pandani, maji hayangoji mtu."

Ami ni mtu wa maneno machache, lakini ukimwuliza habari ya maji hufunguka kama kitabu. Alituambia kwamba mapango yale yako pale mdomoni, hori ya Mida inapokutana na bahari. Hori yenyewe ni pana, imezungukwa na mikoko, na maji yote yanayoingia na kutoka hupitia mlango ule mmoja. Kwa hiyo mkondo wake si wa kuchezea. Maji yakijaa yanakusukuma ndani, yakipwa yanakukokota nje mpaka baharini. Wakati wa kushuka ni ule mfupi maji yanaposimama, hayaendi wala hayarudi. Na tena Ami alikuwa ameichagua siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, mkondo huwa mkali. Lakini usiku uliotangulia mwezi ulikuwa kama umekatwa nusu, na hayo huitwa maji mafu, mwendo wake mdogo. Na upepo ulikuwa kaskazi, kwa hiyo bahari ilikuwa safi. "Mungekuja wakati wa kusi," akasema, "mungepiga picha ya uji."

Tulikuwa tumelipa ada ya kuingia, kwani sehemu ile ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1968, miongoni mwa zile za mwanzo kabisa barani Afrika. Ndani ya hifadhi havuliwi samaki, haliokotwi kombe, haling'olewi tumbawe. Ndiyo sababu tewa wale wamekua wakawa wakubwa hivyo. Dada alituambia jambo ambalo bado linanishangaza: aina nyingi za tewa huanza maisha wakiwa majike, na baadaye baadhi yao hugeuka madume wanapokuwa wakubwa. Basi mvuvi akiwamaliza wale wakubwa tu, kumbe anawamaliza madume.

Sasa nije kwenye kamba.

Tulipotia nanga, Daktari, ambaye njia nzima alikuwa ameketi katikati ya mashua amevaa jaketi la kuelea na kushika ubao kwa mikono miwili, alifungua mfuko wake akatoa kamba. Kamba ya plastiki, ya kijani, ile inayouzwa madukani ya kufungia mbuzi. Ndefu, ameizungusha vizuri kama nyoka aliyelala.

"Ni ya nini?" nikamwuliza.

"Ya kukufunga wewe."

Loo! Tulicheka mpaka mashua ikayumba. Mwenyeji alilia "Meee!" Nami nikamwambia Daktari maneno ambayo nikiyakumbuka leo uso unanichoma: kwamba mtu asiyejua kuogelea asimfundishe mamba maji. Yeye hakukasirika. Alieleza kwa ile sauti yake ya polepole kwamba mwaka 2018, akiwa bado mtoto mdogo, yeye na nyanya yake walikuwa wakifuatilia kwa redio habari za wale vijana wa mpira huko Thailand, 12 pamoja na kocha wao, walionaswa pangoni Tham Luang maji ya mvua yalipoziba njia. Walikaa humo zaidi ya wiki mbili, na mpiga mbizi mmoja aliyewahi kuwa askari wa majini alifariki katika kazi ya kuwaokoa. Kitu ambacho hakikumtoka Daktari kichwani ni kwamba wale wapiga mbizi, na ujuzi wao wote, walikuwa wakifuata kamba iliyotandazwa njia nzima, kwa sababu mle ndani maji yalikuwa tope na jicho halina kazi.

"Lakini mimi siingii pangoni," nikasema.

"Basi kamba haitakudhuru," akajibu.

Dada alikuwa upande wa pili akikagua mtungi wake, hakusikia yote. Ami ndiye aliyekata shauri. "Mwache amfunge," akasema, akatengeneza fundo kiunoni pangu kwa mkono mmoja. Nilikubali shingo upande.

Msomaji, sijui nikueleze nini kuhusu dakika zile za mwanzo. Niliingiza uso majini nikasahau kwamba nina miguu. Nilizoea maji ya bwawa ambayo ukifumbua macho unaona rangi ya chai ya maziwa. Hapa niliona mpaka chini, pima mbili na ushei: mchanga mweupe, matumbawe kama vichwa vya koliflawa, visamaki vya manjano vyenye mistari vikija usoni kwangu kama kuku waliozoea kulishwa. Kaptura yangu nyekundu nilipoitazama baada ya kushuka kidogo ilikuwa imefifia kweli, kama iliyofuliwa mwaka mzima. Na kule mbele, chini ya mwamba, palikuwa na midomo mieusi ya mapango.

Dada alishuka na mtungi wake, mapovu yakipanda kama shanga za fedha. Hakuingia pangoni. Alipiga magoti mchangani mbele ya mdomo, akangoja. Akangoja sana. Mimi huku juu nikaanza kuona ni upuuzi. Kwani samaki ataitwa kwa kupigiwa magoti? Lakini baadaye, taratibu, gizani pakatokea kidevu, kisha mdomo, kisha yale macho yanayozunguka kila moja kivyake. Tewa akasimama mlangoni mwake kama mzee mwenye nyumba anayetaka kujua nani amebisha hodi. Taa ya kamera ya Dada ikamulika mara moja, ikamulika tena. Hiyo, msomaji, ndiyo picha uliyoiona ubaoni.

Nami nilitaka yangu.

Nilishuka mara ya kwanza, nikapiga picha ya mkia wa Dada, yaani mapezi yake. Mara ya pili nikapiga mchanga. Kila nikipanda juu namsikia Daktari mashuani akihesabu kwa sauti, "Thelathini na moja, thelathini na mbili, haya umetoka." Nilimwambia anyamaze. Dada akapanda kubadilisha kitu fulani katika kamera yake, akashika ubavu wa mashua kwa upande wa pili, akazungumza na Ami. Mwenyeji alikuwa mbali kidogo akifukuza kasa kwa macho. Nikaona pale, katika pango la pembeni, kivuli kikubwa kikigeuka. Nikavuta pumzi nikaenda.

Sikumwambia mtu. Usishuke bila mtu kukuona, na mimi nilisubiri hasa wasinione.

Mdomo wa pango lile ulikuwa mpana, sakafu yake mchanga. Tewa alikuwa ndani kidogo, ubavu kwangu. Nikajisukuma, nikainua kamera, hakukaa sawa. Nikajisukuma tena. Najua barabara wakati gani niliinua uso, kwa sababu nilifanya hivyo makusudi, nikaliona jiwe. Jiwe la kijivu, lina vishimo, limejaa vitu vidogo vinavyotikisika kama manyoya. Sauti ya Dada ilinijia sikioni waziwazi kama alikuwa ameketi begani pangu. Na mimi nikaijibu moyoni: moja tu.

Nikabonyeza. Taa ikamulika. Tewa akapiga mkia.

Lahaula! Ukiwa umewahi kumwaga kibaba cha unga mbele ya feni, basi umepata picha. Mchanga laini wote uliokuwa sakafuni uliinuka mara moja, na mahali palipokuwa na samaki, kamera, mikono yangu na dunia, pakawa na weupe, kisha ukijivu, kisha hakuna. Nikageuka. Nikadhani nimegeuka. Nikapiga mateke, kichwa kikagonga mwamba, miwani ikajaa maji, chumvi ikaingia puani. Nikapapasa mbele: jiwe. Kushoto: jiwe. Nikajisukuma kwenda juu kama mtu yeyote mwenye akili aendavyo akitaka hewa, na juu ndiko kulikokuwa na jiwe kubwa kuliko yote. Kifua kilianza kuruka chenyewe. Sikukumbuka sala wala mama. Nilikumbuka bwawa la ng'ombe, kwamba pale ningesimama tu.

Ndipo kitu kikanivuta kiunoni.

Kilinivuta kwa nguvu, upande ambao ningeapa kwa jina lolote kwamba ni ndani. Kilinivuta tena. Nikashika ile kamba kwa mikono yote miwili nikaifuata, mkono juu ya mkono, nikikwaruzika kifua, mpaka mahali ambapo ilikuwa imekwama kwenye ukingo wa mwamba, imebana kama uzi wa gitaa. Nikapita chini ya ukingo ule. Nikaona mwanga. Sikuogelea kwenda juu, nililipuka.

Niliposhika ubavu wa mashua nilitapika maji na mbaazi za asubuhi. Ami alinibeba kwa ukosi kama paka abebavyo mwanawe. Hakuna aliyesema neno. Daktari alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameikaza kwenye ubavu wa mashua, kamba bado mikononi, na viganja vyake vilikuwa vimechunika. Jaketi lake la kuelea lilikuwa limepanda mpaka masikioni.

Dada hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alichukua kamera, akaifungua, akaitazama, akaifunga, kisha akasema bila kupandisha sauti: "Nina cheti miaka sita sasa. Nina mtungi, nina taa mbili, na mle ndani mimi siingii, kwa sababu mapango yana mafunzo yake na mimi sijayasoma." Akanieleza, nikiwa natetemeka ndani ya shuka ya Ami, kwamba wanaoingia mapangoni hugawa hewa yao mafungu matatu: fungu la kwendea, fungu la kurudia, na fungu la mwisho haliguswi, ni la balaa. Hubeba taa tatu kila mmoja. Hutandaza kamba kutoka nje na kuishika kwa vidole, wala hawajifungi kiunoni kama mbuzi, maana kamba ya kiunoni yaweza kunasa ikawa ndiyo inayokuua. "Ya kwako ilinasa," akasema. "Ilinasa mahali pazuri. Usidhani bahari itakupangia hivyo mara ya pili." Na hewa yangu mimi, nilipokuwa natazama jiwe, ilikuwa na mafungu mangapi? Sikuwa na jibu.

Njiani kurudi maji yalikuwa yameanza kupwa. Tuliuona mkondo ukikokota majani ya mikoko kwenda nje, kasi ya mtu anayekimbia.

Usiku Daktari alijifunga bandeji zake mwenyewe. Nilitaka kumsaidia, akasema atajiweza. Nilimwambia asante. Kumbe kuna asante ambayo ni nyepesi mno, ukiitoa mdomoni unaiona ikipeperuka kabla haijamfikia mtu.

Sasa la ubaoni. Dada alitupa nakala za picha zote, akasema tunaweza kuzionyesha shuleni mradi tuandike aliyezipiga. Nilizichapisha mjini, nikampelekea mwalimu mlezi ile ya tewa mlangoni. Mwalimu akaishika, macho yakamtoka, akauliza, "Umeipiga wewe hii?" Msomaji, sikusema ndiyo. Nilitabasamu nikatazama viatu vyangu, kama mtu mnyenyekevu asiyependa sifa. Mwalimu akaandika jina langu kwa mkono wake. Kesho yake walipouliza pango lilikuwa na kina gani, nilisema pima tano. Siku ya tatu nilikuwa nimeshaongeza papa.

Mwenyeji alinijia bwenini siku ile ya papa. Alisimama mlangoni akasema, "Kwetu usije tena," akaondoka. Daktari hakusema kitu. Alikuwa akipita mbele ya ubao kila siku kwenda maktaba, na kila siku mimi nilimtazama kama atasimama. Hakusimama. Majeraha ya viganja yalipona yakaacha alama mbili nyeupe, moja kila mkono, na akiandika ubaoni darasani zinaonekana.

Mpaka usiku mmoja mwezi wa Machi, umeme umepotea, tumelala, akaniita kutoka kitanda cha chini. "Mamba."

"Naam."

"Unajua nilifika ngapi?"

Sikumwelewa.

"Kuhesabu. Siku ile. Ulikuwa ukitoka kila mara kabla ya arobaini. Nikasema nikifika hamsini nitavuta, hata kama utanicheka. Nilifika hamsini kamba haivutiki. Nikaendelea kuvuta na kuhesabu. Nilifika themanini na tatu." Akanyamaza kidogo. "Huwa naamka usiku nikiwa hapo hapo, themanini na tatu."

Miezi yote hiyo nilidhani aliyekuwa pangoni ni mimi peke yangu.

Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu mlezi nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Sitaandika alichoniambia, nilistahili zaidi. Jina langu lilifutwa, na sasa chini ya picha ile limeandikwa la Dada, na wale wa kidato cha pili hawanipishi tena kwenye foleni. Mwenyeji tumesalimiana mara mbili muhula huu. Dada nilimwandikia barua. Alijibu kwa mistari mitatu, wa mwisho ukiuliza hali ya mikono ya Daktari.

Mhariri hata hivyo amesisitiza kwamba kurasa tatu haziendi bila picha. Nimempa ile yangu, ile moja tu niliyoipiga chini ya jiwe. Utaiona hapa chini. Imejaa vidoti vyeupe kama theluji, kwa sababu taa ya kamera ilimulika mchanga badala ya samaki, na tewa mwenyewe ni kivuli upande wa kulia ambacho nisipokuonyesha hutakijua. Lakini tazama pembeni, chini kushoto. Ule mstari mwembamba wa kijani unaoingia kutoka nje ya picha si kosa la mpiga chapa. Ni kamba.